Sitaha Kwanza, Meli Baadaye: Jinsi Manowari Kubwa za Kubebea Ndege Zinavyobuniwa

Rubani wa ndege ya kivita anayetua juu ya manowari ya kubebea ndege hufanya jambo linalowashangaza wengi wanapolisikia mara ya kwanza: magurudumu yakishagusa sitaha, hapunguzi nguvu ya injini, huifungulia yote. Wakati huo bado hajui kama ndoano inayoning'inia mkiani mwa ndege yake imenasa mojawapo ya nyaya zilizokingamishwa juu ya sitaha. Ikiwa imenasa, waya utaisimamisha ndege ndani ya takriban mita 100 hata injini ikinguruma kwa nguvu zote. Ikiwa haikunasa, ndege itakuwa na kasi ya kutosha kupaa tena, izunguke na kurudi kujaribu upya. Mambo mengi ya manowari hii, kuanzia urefu wa sitaha na umbo lake hadi mahali pa mnara na ukubwa wa injini zinazozungusha rafadha (panga zinazoisukuma meli majini), yalitokana na kutafuta njia ya kuzifanya sekunde hizo mbili tatu zisimuue mtu.

Ni rahisi kuidhania manowari ya kubebea ndege kuwa meli ya kawaida iliyowekewa uwanja wa ndege juu yake. Wanaoichora huanzia upande mwingine. Ndege ndiyo inayoamua sitaha iwe na urefu gani, ibebe uzito gani na iwe juu ya maji kwa kimo gani, kisha sitaha hiyo ndiyo inayoamua meli. Ugumu wa kazi yao ni kwamba ndege hubadilika haraka, ilhali meli hutakiwa kuishi miaka 50. Ukilishika jambo hilo moja, maamuzi mengi yanayoonekana ya ajabu huanza kueleweka.

Waanzilishi wa kazi hii hawakulijua hilo. Tarehe 14 Novemba 1910 Mmarekani Eugene Ely alipaa kutoka kwenye jukwaa la mbao lililojengwa juu ya meli ya vita ya USS Birmingham, na tarehe 18 Januari 1911 akatua juu ya USS Pennsylvania katika ghuba ya San Francisco, akisimamishwa na kamba zilizokingamishwa mbele yake na kufungwa mifuko ya mchanga ncha zote mbili. Wazo la ndoano na kamba lilikuwapo basi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni nafasi. Waingereza walipoiwekea HMS Furious sitaha ya kurukia upande wa omo, yaani mbele, mwaka 1917, mnara na dohani vilibaki palepale katikati ya meli. Edwin Dunning alilazimika kuipita meli ubavuni, kisha kuiteremsha ndege kimshazari mbele ya mnara huku mabaharia wakiidaka kwa mikono yao. Alifaulu tarehe 2 Agosti 1917, akawa mtu wa kwanza kutua juu ya meli iliyo mwendoni. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikapinduka na kutumbukia baharini, naye akafa. Meli hiyo ilipoongezewa sitaha ya pili nyuma ya mnara, hewa ya moto kutoka kwenye dohani na upepo uliovurugwa na mnara viliwashinda marubani vilevile.

Jibu lilikuja mwaka 1918 kwa HMS Argus, iliyoanza kujengwa kama meli ya abiria ya Waitalia. Sitaha yake ilinyooka kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma, bila kizuizi chochote, na moshi ukapitishwa kwenye mabomba hadi nyuma kabisa. Baadaye mnara ulirudishwa kwa sababu nahodha lazima aone aendako, lakini ulisogezwa pembeni, upande wa kulia. Injini za ndege za enzi hizo zilifanya kukata kona ya kushoto kuwe rahisi kuliko ya kulia, na rubani aliyeghairi kutua alielekea kushoto bila hata kufikiri. Wajapani walijaribu kuuweka kushoto katika Akagi na Hiryu, wakaacha.

Mkataba wa Washington wa mwaka 1922 wa kudhibiti manowari uliweka ukomo wa tani 27,000 kwa manowari moja ya kubebea ndege, lakini uliruhusu mataifa kugeuza meli mbilimbili za vita ambazo vinginevyo zingevunjwa, hadi tani 33,000 kila moja. Hivyo ndivyo zilivyozaliwa Lexington na Saratoga za Marekani mwaka 1927, zenye urefu wa mita 270. Ukubwa wake ulitokana na siasa kuliko hesabu za wahandisi, na ilikuwa bahati njema kwa Wamarekani, kwa maana mazoezi ya meli hizo mbili yaliwafundisha kwamba kikosi kikubwa cha ndege juu ya sitaha moja hufanya kazi ambayo vikosi vidogo vilivyotawanyika haviwezi.

Vita Kuu ya Pili iliwakuta wabunifu wa Uingereza na wa Marekani wakitofautiana katika swali ambalo msomaji wa kawaida halisikii sana, nami naliona kuwa ndilo kiini cha uhandisi wa manowari hizi: ni sakafu ipi inayoibeba meli? Fikiria meli ndefu ikipita juu ya wimbi kubwa. Wimbi linapokuwa katikati, omo na tezi huning'inia na meli hutaka kupinda kama mgongo wa paka. Wimbi linapokuwa kwenye ncha mbili, tumbo la meli huning'inia na meli hutaka kubonyea. Meli huwa kama boriti inayopindwa huku na huku mara elfu nyingi. Boriti hupata uimara wake kutoka kwenye bamba la juu kabisa na la chini kabisa, na kadiri mabamba hayo mawili yanavyotengana, ndivyo chuma kilekile kinavyokuwa imara zaidi.

Wamarekani, katika manowari za aina ya Essex ambazo 24 zilijengwa, waliichagua sakafu ya karakana ya ndege (ukumbi wa kuzihifadhi ulio chini ya sitaha ya kurukia) kuwa bamba la juu la boriti hiyo. Sitaha ya kurukia ilikuwa paa jepesi la mbao lililosimamishwa juu yake, lenye viungo vya kuliruhusu kujongea meli ilipopinda. Karakana ilikuwa wazi pande zote, injini ziliweza kupashwa moto humo ndani, na meli ilibeba ndege zaidi ya 90. Waingereza, kuanzia HMS Illustrious ya mwaka 1940, waliifunga karakana ndani ya sanduku la deraya, yaani chuma cha kinga, lenye paa la chuma la unene wa takriban milimita 76. Tarehe 10 Januari 1941 Illustrious ilipigwa mabomu kadhaa katika bahari ya Mediterania na bado ikafika Malta kwa injini zake yenyewe. Gharama ya ulinzi huo ilikuwa ndege: ilibuniwa kubeba 36 tu, kwa sababu chuma kizito kilichowekwa juu kiliilazimisha meli iwe na karakana fupi na finyu. Kwa upande mwingine, USS Franklin ilipopigwa mabomu mawili tarehe 19 Machi 1945, moto uliozuka kati ya ndege zilizojaa mafuta na silaha uliua watu zaidi ya 700, ingawa meli yenyewe haikuzama.

Baada ya vita Wamarekani walilijibu swali hilo kwa ukubwa. USS Forrestal, iliyoingia kazini Oktoba 1955, iliifanya sitaha ya kurukia yenyewe kuwa bamba la juu la boriti. Meli ikawa na kina kikubwa kutoka mkuku, yaani boriti ya chini kabisa ya meli, hadi sitaha, chuma kikatumika vizuri zaidi, na sitaha nzito ikawa sehemu ya uti wa mgongo wa meli badala ya kuwa mzigo juu yake. Lakini boriti yenye matundu ni boriti dhaifu, na lifti za kupandishia ndege zilikuwa matundu makubwa. Kwa hiyo lifti zote zikahamishiwa ukingoni mwa meli, zikining'inia nje ya ubavu. Uamuzi wa kimuundo ulileta faida ya kikazi, kwani lifti ikikwama chini haiachi tena shimo katikati ya njia ya ndege, na ndege ndefu inaweza kutokeza mkia wake juu ya bahari.

Lakini kabla ya Forrestal kukamilika, ndege zenyewe zilikuwa zimebadilika. Tarehe 3 Desemba 1945 Mwingereza Eric Brown alitua kwa ndege ya jeti aina ya Vampire juu ya HMS Ocean na kuthibitisha kwamba inawezekana. Alithibitisha pia, bila kukusudia, kwamba sitaha za zamani hazitoshi. Jeti ni nzito, hutua kwa kasi kubwa, na injini za jeti za mwanzo zilichelewa kuitika: rubani akiongeza mafuta, sekunde kadhaa hupita kabla nguvu haijaja. Rubani wa ndege ya pangaboi aliweza kukata injini na kuiachia ndege idondoke kwenye nyaya. Rubani wa jeti alihitaji kushuka huku injini ikiwa na nguvu, na akizikosa nyaya, mbele yake palikuwa na wavu wa kamba, na nyuma ya wavu ndege zilizoegeshwa zikiwa na wafanyakazi wake.

Mambo matatu yaliyobuniwa Uingereza yaliiokoa manowari ya kubebea ndege wakati huo. La kwanza ni sitaha ya mshazari, iliyopendekezwa mwaka 1951 na Dennis Cambell akishirikiana na Lewis Boddington. Walipendekeza njia ya kutulia igeuzwe nyuzi chache kuelekea kushoto, ili anayezikosa nyaya akute bahari tupu mbele yake. Ndege zinaegeshwa upande wa kulia wa omo, nyingine zinapaa, na nyingine zinatua, bila kugombania mstari mmoja. Wamarekani waliijaribu juu ya USS Antietam mwanzoni mwa mwaka 1953 na hawakurudi nyuma. Ni mara chache uhandisi wa meli hupata kitu kikubwa kiasi hicho kwa kuchora mstari upya. La pili ni kioo cha kumwongoza rubani, wazo la Nicholas Goodhart: taa huakisiwa kwenye kioo kilichopinda, na rubani akiuona mng'ao ukiwa sawa na mstari wa taa za pembeni, anajua yuko kwenye mteremko sahihi, ukiwa juu, yuko juu mno. Kabla ya hapo alitegemea mtu aliyesimama ukingoni akipunga vibao. La tatu ni manati ya mvuke, yaani mtambo wa kuirusha ndege hewani, ya Colin Mitchell, iliyojaribiwa juu ya HMS Perseus kuanzia mwaka 1950, ambayo nitairudia.

Kwanza inafaa kuiangalia kasi kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini manowari hizi zina injini kubwa hivyo. Chukua ndege ya tani 20 inayoshuka kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa hewani. Meli ikiwa imesimama na upepo umetulia, nyaya zitalazimika kumeza nishati yote ya kasi hiyo. Meli ikigeuka kuukabili upepo na kukimbia, hata mwendo wake na wa upepo vikajumlika kuwa kilomita 50 kwa saa juu ya sitaha, ndege inaigusa sitaha kwa kilomita 200 tu. Nishati hufuata kipeo cha pili cha kasi, hivyo kupungua kwa moja ya tano ya kasi kunaondoa zaidi ya theluthi moja ya nishati. Waya, mitambo inayouvuta, magurudumu na fremu ya ndege vyote vinapata nafuu hiyo. Mwendo wa meli ni sehemu ya mtambo wa kutulia, kama ulivyo sehemu ya mtambo wa kurukia. Ndiyo maana manowari za aina ya Nimitz, zenye uzito wa karibu tani 100,000, zina mitambo ya takriban nguvu farasi 260,000 na rafadha nne, na huzidi noti 30, yaani zaidi ya kilomita 55 kwa saa.

Urefu nao unasaidia kasi. Meli ndefu hupoteza nguvu kidogo katika kutengeneza mawimbi kuliko fupi katika mwendo uleule, na pia haipandi na kushuka sana inapoyavuka mawimbi ya bahari. Tezi inayopanda na kushuka mita kadhaa wakati rubani anaikaribia ni hatari kuliko upepo wowote. Hapa ndipo hoja ya ukubwa ilipo na uzito wake: manowari ndogo inaweza kubeba ndege zilezile, lakini siku ambazo bahari itairuhusu kuzirusha na kuzipokea ni chache zaidi.

Ukubwa peke yake hata hivyo hautoshi. USS Midway iliingia kazini Septemba 1945 ikiwa na sitaha iliyonyooka na ndege za pangaboi. Ilifanyiwa matengenezo makubwa katika miaka ya 1950 na tena kati ya 1966 na 1970, ikaongezewa sitaha ya mshazari, manati ya mvuke na lifti za ukingoni, hata ikaweza kurusha ndege ambazo hazikuwa zimewazwa ilipochorwa. Kila nyongeza iliongeza uzito upande wa juu, na meli ikazama chini zaidi majini. Mwaka 1986, katika gudi (mahali pa kutengenezea meli) la Yokosuka nchini Japani, ilibandikwa matumbo ya chuma pande zote mbili ili ielee juu zaidi. Matumbo hayo yaliipanua meli kwenye usawa wa maji, na upana huo ukaiongezea nguvu ya kujirudisha wima. Kwa mtu asiye baharia hilo linasikika kuwa jambo jema, lakini meli inayojirudisha wima kwa nguvu hufanya hivyo kwa ghafla. Midway ikaanza kwenda mrama kwa mtukutiko wa haraka, hata kazi ya kurusha ndege ikawa ngumu katika bahari ambayo hapo awali isingeitatiza. Mbunifu hatafuti uthabiti mwingi kadiri iwezekanavyo. Hutafuta uthabiti unaotosha meli isipinduke ikijeruhiwa, lakini mlegevu vya kutosha ili sitaha iiname polepole na rubani aweze kuifuatisha. Nafasi kati ya mipaka hiyo miwili ni nyembamba, na kila kifaa kinachopandishwa juu ya sitaha huipunguza.

Forrestal nayo ilikuwa na kosa lake la kuchora, dogo kwenye karatasi na kubwa kazini. Lifti yake ya kushoto iliwekwa mwishoni mwa njia ya mshazari, mahali ambapo ndege zinazotua zinaelekea. Wakati wa kupokea ndege haikutumika. Upande wa kulia lifti mbili kati ya tatu zilikuwa nyuma ya mnara, ilhali ndege nyingi zilihitajika mbele. Katika aina ya Kitty Hawk, iliyoanza kazi mwaka 1961, mnara ulisogezwa nyuma ili lifti mbili ziwe mbele yake, na ile ya kushoto ikapelekwa karibu na tezi. Meli zote kubwa za Marekani zilizofuata, hadi ya mwisho ya aina ya Nimitz, ziliuhifadhi mpangilio huo.

Suala la nyuklia huzungumzwa sana, mara nyingi kana kwamba faida yake kuu ni meli kwenda mbali bila kujaza mafuta. Hiyo ni kweli, lakini ndege bado zinahitaji mafuta yake, na meli bado inahitaji kukutana na meli za ugavi mara kwa mara. Faida nyingine hazionekani upesi: hakuna dohani, kwa hiyo hakuna hewa ya moto inayokatiza njia ya kutulia wala mabomba makubwa ya moshi yanayokula nafasi katikati ya meli; na nafasi ambayo ingebeba mafuta ya meli inabeba mafuta ya ndege. USS Enterprise ya mwaka 1961 ilikuwa na vinu vinane vya nyuklia; Nimitz ya mwaka 1975 ilihitaji viwili tu. Gharama huja baadaye. Kila manowari ya aina ya Nimitz hukaa gudini miaka kadhaa katikati ya maisha yake ili kubadilishiwa fueli ya vinu, na Enterprise, iliyotoka kazini Desemba 2012, haikuweza kufutwa rasmi hadi Februari 2017 kwa sababu ya kazi ya kutoa fueli hiyo. Ufaransa, ikitaka faida hizo kwa bei ndogo, iliiwekea Charles de Gaulle vinu vya aina ileile iliyotengenezwa kwa ajili ya nyambizi zake. Meli ilipata noti 27 tu, pungufu ya mwendo wa manowari ilizozirithi nafasi. Sitaha yake pia ililazimika kurefushwa kwa mita 4.4 ili ndege za rada za Hawkeye zitue kwa usalama.

Uingereza ilichagua turbini za gesi kwa HMS Queen Elizabeth, na hapo ndipo minara yake miwili ilipotoka. Mashine ziliwekwa mahali tofauti melini ili pigo moja lisizizime zote, na kila kundi lilihitaji njia yake ya moshi kwenda juu; badala ya kujenga mnara mmoja mrefu wa kuziunganisha, waligawanya kazi kwa miwili, wa mbele ukiongoza meli na wa nyuma ukiongoza ndege.

Sasa manati. Ile ya mvuke ni silinda mbili ndefu zilizolazwa chini ya sitaha, zenye ufa juu kwa urefu wake wote, na pistoni zinazokimbia ndani yake zikivuta kigari kilichoshikana na gurudumu la mbele la ndege. Ndege huzuiwa kwa nyuma na kipande cha chuma kilichopimwa kuachia kwa nguvu maalumu tu. Injini ikifunguliwa na mvuke ukaingia, nguvu mbili hizo zikijumlika kizuizi kinaachia, na ndani ya takriban mita 90 na sekunde mbili hivi ndege inapata kasi inayozidi kilomita 240 kwa saa. Mtambo huo umefanya kazi kwa uaminifu kwa zaidi ya miaka 60. Kasoro yake ni kwamba mvuke ukishaachiwa hauongozeki tena: msukumo huwa mkali mwanzoni na kupungua mwishoni, jambo linalochosha fremu za ndege, nayo ndege nyepesi isiyo na rubani inaweza kuvunjwa na nguvu iliyokusudiwa kwa ndege nzito. Unahitaji pia maji mengi yasiyo na chumvi, mabomba mazito, na mafundi wengi wa kuziba mivujo.

Manati ya sumakuumeme, iliyowekwa kwanza kwenye USS Gerald R. Ford, huhifadhi umeme katika mashine zinazozunguka kisha kuumwaga katika mota iliyonyooshwa kama reli. Kompyuta hurekebisha msukumo njia nzima, hivyo ndege nzito na nyepesi hupata kila moja nguvu yake. Ford iliingia kazini Julai 2017 kwa gharama ya takriban dola bilioni 13, ikiwa na manati mpya, mitambo mipya ya kunasia, vinu vipya, rada mpya na lifti mpya za silaha, vyote kwa pamoja. Hapa naona kosa la uamuzi kuliko la uhandisi. Kitu kipya kimoja kikichelewa, vingine hukingojea. Lifti ya mwisho kati ya 11 za silaha ilikabidhiwa Desemba 2021, zaidi ya miaka minne baada ya meli kupokelewa, na safari yake ya kwanza ya kikazi ilifanyika Oktoba 2022.

Wasioweza au wasiotaka gharama hiyo wana njia ya mwinuko: omo hupindwa juu, na ndege hutupwa hewani ikiwa bado haijafikia kasi kamili ya kuruka, ikimalizia kuipata angani. Njia hiyo haina mashine ya kuharibika. Lakini ndege hulipa kwa kupunguza mafuta au silaha, na ndege nzito za rada zenye pangaboi hazitumiki kabisa. Waingereza walilionja tatizo hili moja kwa moja: mwaka 2010 serikali iliamua kuweka manati badala ya mwinuko, makadirio ya gharama yakapanda mno, na Mei 2012 ikarudi kwenye mwinuko. Queen Elizabeth sasa hutegemea helikopta kwa kazi ya rada ya angani, nayo helikopta haiwezi kupaa juu kama Hawkeye wala kukaa angani muda mrefu kama yake.

China ilipanda ngazi hiyo hatua kwa hatua. Liaoning, mwili wa meli ya Kisovieti uliochukuliwa kutoka Ukraina bila kukamilishwa, iliingia kazini Septemba 2012 ikiwa na mwinuko. Shandong, iliyojengwa nyumbani kwa mpangilio huohuo, ikafuata Desemba 2019. Na Fujian, iliyoshushwa majini Juni 2022, iliruka hatua ya mvuke na kwenda moja kwa moja kwenye manati ya sumakuumeme, ingawa haina vinu vya nyuklia. India iliipokea Vikrant yake, iliyojengwa Kochi, Septemba 2022, nayo ina mwinuko.

Katika haya yote kuna adui ambaye hakuwahi kubadilika, naye ni mafuta ya ndege. Lexington ilipotea Mei 1942 kwa mvuke wa petroli uliolipuka saa kadhaa baada ya kupigwa. Mabaharia wa manowari nyingine ya Marekani, Yorktown, walijifunza upesi: kabla ya mapigano ya kisiwa cha Midway mwezi uliofuata, walitoa petroli kwenye mabomba na kuyajaza gesi ya kaboni dayoksaidi. Taiho ya Wajapani, yenye sitaha ya deraya na iliyokuwa mpya kabisa, ilipigwa kombora moja tu la majini tarehe 19 Juni 1944. Mafuta yakavuja, hewa ikafunguliwa meli nzima kwa nia ya kuutoa mvuke, mvuke ukasambaa kila mahali, na saa chache baadaye meli ikalipuka. Siku hizi hutumika mafuta mazito yasiyotoa mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 60 za selsiasi. Hata hivyo, tarehe 29 Julai 1967 roketi iliyofyatuka kwa bahati mbaya juu ya Forrestal iliwasha moto uliolipua mabomu yaliyokuwa yamefungwa kwenye ndege, na watu 134 wakafa. Kikosi cha zimamoto kilichofunzwa kiliangamia katika dakika za mwanzo, na waliobaki walipambana bila ujuzi. Tangu hapo kila baharia wa meli hizo hufunzwa kuzima moto, na sitaha zikawekewa mifumo ya kumwaga povu.

Tofauti kubwa ya Ford na Nimitz haionekani kwa urahisi kwenye picha. Mnara wake ni mdogo na umesogezwa nyuma zaidi, lifti za ndege ni tatu badala ya nne, na nafasi iliyopatikana inaiwezesha ndege kujazwa mafuta na kufungwa silaha papo hapo ilipoegeshwa, bila kukokotwa huku na kule kwa trekta. Vinu vyake vinazalisha umeme karibu mara tatu ya ule wa Nimitz, mwingi kuliko unaotumika sasa. Wabunifu walikuwa na mfano hai mbele yao: meli za aina ya Nimitz zimeongezewa vitu vingi kwa miongo, hata zimekuwa na tabia ya kuinamia kulia zikiwa na shehena kamili, nayo husahihishwa kwa maji yanayopakiwa upande wa pili. Ford ikapewa akiba ya uzito, ya nafasi na ya umeme kwa ajili ya ndege ambazo zilikuwa bado hazijachorwa, na ya kwanza kati ya hizo, ndege isiyo na rubani ya kubebea mafuta angani, imekwisha kuruka.